Kushikana na Kwenda Pamoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa maharusi na kamati zao wanaokuja kujifunza dansi kwetu Mbeya, na kwa watu wengine wasio na harusi yoyote: vijana wanaopakia viazi Uyole, mama anayemuuguza mzee wake, kijana anayetaka kukimbia na rafiki asiyeona. Kila mmoja huuliza kwa namna yake, lakini jambo ni lile lile. Watu wawili walioshikana wanajuaje, bila kuambizana, nani anakwenda wapi na lini? Kama harusi yako ni Jumamosi hii, nenda moja kwa moja sehemu ya tatu, ila soma swali la 4 kwanza.

## Mambo ya mwanzo

1. Kuongozana kwa mguso ni nini hasa?

Ni kutumia mahali mlipogusana, kiganja, bega, mgongo, au hata kitu mnachokishika pamoja, kupeana habari za mwendo. Habari hizo ni za nguvu na uzito: unanivuta kidogo, unanisukuma kidogo, unanielemea, unaniachia.

Kinachowashangaza wanafunzi wengi ni kwamba habari hufika kabla ya hatua. Huwezi kuinua mguu wa kulia bila uzito kwanza kuhamia wa kushoto. Uhamisho huo huanzia nyonga, hupanda kiwiliwili, hupita begani na kutokea mkononi. Mwenzako akiwa ametulia, anajua unaondoka wakati mguu wako bado uko chini. Ndiyo maana wazee waliocheza dansi kwa miaka mingi huonekana kama wanabahatisha kwa pamoja, na hawabahatishi hata kidogo.

2. Kwa nini tusitumie macho na mdomo?

Mnatumia, ila kila kimoja kina kazi yake. Mtu akiona ishara ya mwanga na kutakiwa kubonyeza kitufe, huchukua takriban sekunde 0.2. Akiguswa huwahi zaidi. Na msuli ukivutwa ghafla, mwili huanza kujibu ndani ya chini ya sekunde 0.1, kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Kwa hiyo sauti ni nzuri ya kuanzia ("moja, mbili, tatu, juu!"), macho ni mazuri ya kujua njia inakokwenda, na mguso ndio wa kurekebishana mkiwa tayari mnakwenda.

Wapo wanaouliza mbona ngoma nyingi za asili za huku kwetu watu hawashikani na bado wanakwenda sawa. Pale anayepanga ni mpiga ngoma. Wachezaji wote wanamsikiliza yeye, na macho yanamalizia. Dansi ya wawili ni jambo jingine, kwa sababu hata muziki ukiwa mmoja, ni ninyi mnaoamua mwelekeo, na ukumbi umejaa watu wa kugongana nao.

3. Nani anaongoza? Lazima awe mwanamume?

Si lazima. Katika dansi ya ukumbini mmoja hupendekeza mwelekeo na mwingine huupokea na kuukamilisha. Kwa desturi mwanamume ndiye anayependekeza, lakini mwili haujui jambo hilo. Nje ya dansi, anayeona njia ndiye anayeongoza, na mkigeuza kona uongozi unaweza kuhamia kwa mwingine bila neno.

Hata pale ambapo hakuna aliyeteuliwa, watu hugawana kazi wenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu wawili walioshika mpini mmoja wenye ncha mbili, kila mmoja upande wake, huku wamezuiwa kuonana. Kazi ilikuwa kuuzungusha mpini hadi kwenye alama. Baada ya muda mfupi mmoja alikuwa mwepesi wa kuanzisha mwendo na mwenzake wa kuufunga breki. Hawakupangiwa, na wala hawakuzungumza. Wakati huohuo kila mmoja aliona kama mwenzake anamsumbua, ilhali wawili walifika haraka kuliko mtu mmoja peke yake. Wanandoa wanaokuja kwetu wakicheka kwa hasira wafikirie hilo.

4. Mkono uwe mgumu au mlegevu?

Hili ndilo swali kuu, na mengine mengi kwenye ukurasa huu ni matawi yake. Mkono usiwe mgumu wala mlegevu. Sisi darasani tunasema uwe hai.

Watoto wanaotengeneza simu ya makopo na uzi wanajua kwamba uzi ukilegea, sauti haifiki. Mkono mlegevu ni hivyohivyo. Mwenzako anahama uzito, mkono wako unanyooka au kukunjika tu, na kiwiliwili chako hakijaambiwa chochote. Habari inamezwa kwenye kiwiko.

Mkono mgumu una kosa la upande wa pili. Unapitisha kila kitu: mshtuko wa hatua, woga, pumzi, kujikwaa kidogo. Katika kelele hiyo mwenzako hawezi kutenganisha lililokusudiwa na lisilokusudiwa. Zaidi ya hapo, msuli uliokazwa huhisi vibaya mabadiliko madogo na huchoka upesi. Ukiona mabega yamepanda karibu na masikio, tayari uko huko.

Zoezi: simameni mkitazamana, viganja kwa viganja, kimo cha kifua, viwiko vimekunjwa kidogo. Kila mmoja aegemee mbele kiasi kwamba viganja visiachane, basi. Mmoja afumbe macho na mwingine atembee polepole mbele, nyuma, pembeni. Viganja vikiachana, mmelegea. Aliyefumba macho akisukumwa badala ya kualikwa, mmekaza. Kisha mbadilishane, na msiruke hatua ya kubadilishana, kwa sababu asiyewahi kufuata hajui mkono wake unasema nini.

Zoezi la pili ni la kitenge. Kila mmoja ashike ncha moja, kitambaa kinyooke bila kuvutwa, mtembee chumbani. Mkiweza kugeuka kona bila kitenge kulegea wala kukaza, mko tayari kwa sehemu ya tatu.

## Mwili unavyofanya kazi hiyo

5. Mkono unahisi kwa kutumia nini?

Ngozi ya upande wa kiganja wa mkono mmoja ina takriban vihisi 17,000 vya mguso, vya aina nne. Vingine hujibu shinikizo linalodumu, vingine mtelezo mdogo, vingine mtetemo, vingine ngozi inapovutwa. Vimejaa zaidi kwenye ncha za vidole. Ndani zaidi, kwenye misuli na kano, kuna vihisi vingine vinavyopima urefu wa msuli na mvutano wake. Hivyo ndivyo vinavyokuambia mkono wako uko wapi hata ukifumba macho.

Jaribu kushika glasi ya maji halafu mtu aongeze maji. Vidole hukaza vyenyewe bila wewe kuamua. Uwezo huohuo ndio unaotumika mwenzako anapoegemea.

6. Kwa nini kila mmoja wetu anadai mwenzake ndiye anayevuta sana?

Kwa sababu wote mnasema kweli kwa jinsi mnavyohisi. Ubongo unapoagiza mkono usukume, hukadiria mapema mguso utakaotokea na kuupunguza makali. Ndiyo sababu huwezi kujitekenya. Nguvu yako mwenyewe unaihisi ndogo kuliko ilivyo. Ya mwenzako unaihisi nzima.

Mwaka 2003 watafiti wa London waliwapanga watu wawili wawili wabonyezane kidole kwa zamu, kila mmoja akiambiwa arudishe nguvu ileile aliyopokea. Nguvu ilipanda kila zamu. Hakuna aliyejua mwenzake ameagizwa nini, na kila mmoja aliamini analipa sawasawa.

Tunaliona jambo hilo kila wiki. Bibi harusi anasema anakokotwa, bwana harusi anasema anabeba gogo. Msipoteze muda kutafuta mwenye kosa. Kubalianeni wote wawili mpunguze hadi nusu ya kile mnachodhani kinatosha, kwa wimbo mzima. Kwa kawaida hapo ndipo mnapoanza kusikiana.

7. Nikishikana na asiyejua, si atanishusha na mimi?

Si lazima. Utafiti uliochapishwa 2014 uliunganisha mikono ya watu wawili kwa mashine iliyofanya kazi ya mpira unaovutika, kila mmoja akifuatilia alama inayohama kwenye skrini. Watu walifuatilia vizuri zaidi wakiwa wameunganishwa, hata na mtu dhaifu kuliko wao. Mvuto wa mwenzako hubeba habari kuhusu mahali anapodhani pa kwenda, na habari ya pili, hata ikiwa na makosa, husaidia ya kwanza.

Ila zingatia ule mpira: muungano ulikuwa laini. Fungwa na mtu kwa chuma, na makosa yake yote ni yako. Tazama tena swali la 4.

8. Mwezi wa sita na wa saba tunacheza vibaya. Ni baridi?

Inawezekana kabisa, na anayeishi Makete au Njombe hahitaji kuambiwa. Ngozi ikipoa, vihisi vyake hupungua ukali, ujumbe kwenye neva hupita polepole, na vidole huwa vizito. Mtu asiyehisi vizuri hukaza zaidi ili ahisi, na mzunguko wa swali la 6 unaanza.

Pasheni mwili moto kwa kutembea haraka kabla ya kushikana, msiishie kusugua viganja tu. Damu ya moto hutoka kwenye misuli mikubwa. Koti livuliwe mwishoni. Glavu zikae mfukoni.

## Maharusi na ukumbi

9. Tuna wiki mbili tu kabla ya kufungua muziki. Tuanze na nini?

Kutembea. Hatufundishi hatua yoyote yenye jina mpaka muweze kutembea mmeshikana kutoka ukuta hadi ukuta, kwenda na kurudi, na kusimama pamoja bila kuhesabu. Baada ya hapo ni kuhamisha uzito kulia na kushoto mkiwa papo hapo, kwa wimbo wa taratibu. Hiyo peke yake, ikifanywa kwa utulivu, inatosha kufungua muziki wa rumba, na nusu ya ukumbi watadhani mmejifunza miezi sita.

Mzunguko mmoja wa bibi harusi unaweza kuongezwa wiki ya pili. Kumwinua juu, kumlaza mkononi, na mengine ya kwenye simu, tunayakataa. Yanataka mguso uliokomaa, na sakafu za kumbi zetu zina vigae vinavyoteleza.

10. Tushikane wapi?

Anayeongoza huweka mkono wa kulia kwenye bega la nyuma la mwenzake, pale kwenye mfupa mpana chini kidogo ya kwapa, si kiunoni. Sababu ni ya kiufundi: mfupa ule uko karibu na kiwiliwili na hupokea mwelekeo vizuri, kiuno hupinda, kwa hiyo ujumbe unapotea, na kwa gauni lenye kamba na vyuma hakuna kinachopita kabisa. Anayefuata hulaza mkono wa kushoto juu ya mkono huo. Mikono ya upande mwingine hukutana kimo cha macho ya aliye mfupi.

Kidole gumba kisibane. Gumba likibana, mwenzako hawezi kugeuza kiganja, na mzunguko unageuka kuwa mieleka.

11. Mmoja wetu ni mrefu sana.

Mrefu apunguze hatua, asikunje mgongo. Akikunja mgongo, kifua kinarudi nyuma na mguso unabaki mikononi tu. Mfupi asinyanyue bega kuufikia mkono. Mkono ndio umfuate.

12. Tunaangalia miguu. Tuache vipi?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano. Ukikiinamisha, uzito wako wote unahamia mbele, na mwenzako anapokea ujumbe wa "nakuja" ambao hukuutuma. Tazama juu ya bega lake la kulia. Anayeongoza aangalie nafasi iliyo wazi, kwa sababu akiangalia pale, kiwiliwili kinageukia pale, na mkono unasema hivyohivyo.

13. Tukipotezana katikati ya wimbo mbele ya watu wote?

Simameni. Msiachane. Hamisheni uzito kulia na kushoto mara kadhaa hadi muwe mmekutana, kisha mwendelee. Ukumbini hakuna atakayejua, isipokuwa mkianza kulaumiana kwa macho.

14. MC amemwita bibi harusi acheze na baba mkwe. Huku Rungwe jambo hilo ni zito.

Ni zito kweli. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mtoto humwepuka baba mkwe: hakutani naye ana kwa ana, hamtaji jina. Familia nyingi za mjini zimelegeza, nyingine hazijalegeza, na MC aliyetoka mkoa mwingine hajui. Tatizo hili halitatuliwi kwa mbinu ya dansi. Kamati iulize wazee wa pande zote mbili mapema, na jibu liandikwe kwenye ratiba ya MC.

Wazee wakisema wacheze bila kugusana, wacheze kwa mdundo, kila mmoja mahali pake, kama swali la 2 linavyoeleza kuhusu ngoma. Wakiruhusu kitambaa kati yao, zoezi la kitenge katika swali la 4 hufaa. Wakikataa kabisa, bibi harusi acheze na shangazi, na sherehe iendelee.

## Mizigo, msumeno na pikipiki

15. Kuna ufundi gani wa kuinua gunia la viazi watu wawili?

Sauti huanzisha, mguso huendesha. Kabla ya "tatu" kila mmoja avute kidogo upande wake mpaka gunia lijinyooshe. Hapo kila mmoja anahisi uzito uko wapi na mwenzake yuko tayari. Wasiojua huinua gunia likiwa limelegea, mmoja anawahi nusu sekunde, na mgongo wa mwingine unalipa. Wakati wa kutua ni hivyohivyo kinyumenyume: usiachie mpaka uhisi mwenzako ameshusha.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni jambo jingine. Sheria ya vipimo nchini inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mmoja asibebeshwe mara kwa mara mzigo unaozidi kilo 55. Gunia halali kwa watu wawili ni kilo 50 kila mmoja, yaani liko ndani kwa shida. Lile lililoshonewa kofia juu limetoka nje, na hakuna ufundi wa mikono utakaolirudisha ndani.

16. Tunashusha kabati ngazini. Mwenye nguvu akae juu au chini?

Chini. Kitu kirefu kikiinama, uzito mwingi humwelemea wa chini. Lakini wa juu ndiye anayeona, kwa hiyo yeye ndiye wa kutaja ngazi, na wa chini ndiye wa kuamua mwendo. Wa juu asisukume kamwe. Kazi yake ni kuzuia.

17. Msumeno wa watu wawili unakwama kila mara. Kwa nini?

Kwa sababu mmoja wenu anasukuma. Kwenye msumeno mrefu wa kukatia gogo kila mtu huvuta tu. Ukimaliza kuvuta, legeza mkono na uache msumeno uondoke, ukiufuata bila kuushikilia. Bati jembamba likisukumwa hupinda, na likipinda hubanwa na mti.

Wapasua mbao wa zamani wa Mufindi na Njombe, kabla mashine hazijaenea kwenye mipaini na milingoti, walikuwa na kazi ngumu zaidi: mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni. Meno hukata msumeno unaposhuka, kwa hiyo wa chini huvuta na wa juu hupandisha na kufuata mstari. Wa shimoni haoni mstari, na uso wake umejaa unga wa mbao. Anachojua kuhusu mstari anakihisi kupitia mpini. Kwa maoni yangu hao ndio walimu wakubwa wa somo hili, kuliko mchezaji yeyote wa dansi.

18. Wabeba machela wawili watembee mguu mmoja pamoja?

Hapana, na hapa wengi hushangaa. Mkipiga hatua ya mguu uleule, machela huyumba kwa pamoja upande mmoja, kisha mwingine, na mgonjwa anatikiswa. Wa mbele aanze na mguu wa kushoto, wa nyuma na wa kulia. Hatua ziwe fupi, magoti yakunjwe kidogo. Kwa kawaida kichwa cha mgonjwa kiwe upande wa juu: mkipanda kilima kichwa kitangulie, mkishuka miguu itangulie.

19. Dereva wa bodaboda ananiambia nisijitikise. Anamaanisha nini?

Pikipiki hugeuka kwa kulala. Dereva anapolala kulia na wewe ukabaki wima kwa woga, unamrudisha, naye analazimika kulala zaidi. Mshike kiunoni au shika chuma cha nyuma, mwili wako ufuate wake, na kwenye kona tazama juu ya bega lake la upande mnaokwenda. Kwenye miteremko mikali kama Kitonga, dereva anapofunga breki, shika chuma cha nyuma ili uzito wako usimsukume kwenye usukani.

Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, huharibu yote haya. Abiria wa tatu hahisi dereva. Anamhisi abiria wa pili, kwa kuchelewa. Ni kosa kisheria, na kwa hesabu ya mguso pia.

## Hali za pekee

20. Nimsaidie vipi mtu asiyeona kutembea?

Usimshike wewe, akushike yeye. Muulize kama anataka msaada, kisha mguse kwa nyuma ya mkono wako ili ajue ulipo. Atakushika juu ya kiwiko, atembee nusu hatua nyuma yako. Kiwiko kiko karibu na kiwiliwili, kwa hiyo kinamwambia unapogeuka, unaposimama, unapopanda. Njia ikiwa nyembamba, kama vichochoro vya Mwanjelwa siku ya soko, peleka mkono wako nyuma ya mgongo, naye atajua aje nyuma yako kabisa. Kwenye ngazi simama kwanza, sema zinapanda au zinashuka.

Kumsukuma kwa nyuma au kumkokota kwa fimbo yake nyeupe ni kumnyang'anya macho yake. Watu wenye nia njema ndio wanaofanya hivyo zaidi.

21. Na katika mbio?

Mkimbiaji na mwongozaji hushika kamba fupi, mikono ikienda pamoja. Hatua ziwe na mdundo mmoja, miguu ya ndani pamoja na ya nje pamoja, kwa sababu mko ubavu kwa ubavu na mikono yenu imeunganishwa. Katika Paralimpiki, wakimbiaji wasioona kabisa au karibu kabisa wa daraja la T11 hukimbia wamefunika macho, na mwongozaji haruhusiwi kumvuta wala kutangulia kuvuka mstari. Mwongozaji awe na kasi kuliko mkimbiaji, la sivyo kamba itakazwa kwa kuchoka kwake.

Anzeni kwa kutembea barabara tambarare. Milima ya Mbeya itasubiri.

22. Mzee wetu anayumba akisimama. Nimshike kwa nguvu?

Mara nyingi si lazima. Utafiti uliochapishwa 1994 ulionyesha kwamba ncha ya kidole ikigusa kitu kilichotulia kwa nguvu isiyozidi uzito wa gramu 100 hivi, kuyumba kunapungua sana. Nguvu hiyo haiwezi kumshikilia mtu. Inamwambia tu mwili umeelekea wapi, na mwili unajirekebisha wenyewe. Mpe kiganja chako kilicho wazi aguse, nawe utulie. Mkono wa pili uwe tayari nyuma yake endapo atapepesuka. Ukimkaba kwapani, miguu yake inaacha kufanya kazi.

Kuyumba kulikoanza ghafla ni kwa daktari siku hiyohiyo.

23. Mwenzangu hapendi kuguswa. Nimlazimishe azoee?

Hapana. Mwili unaokataa hukaza, na mkono uliokaza haupokei chochote. Anzeni na kitenge, au kila mmoja ashike ncha ya fimbo. Habari inapita kwenye kitu kilichonyooka karibu sawa na kwenye kiganja. Akibaki hapo kwa kudumu, ni sawa. Msumeno ulifanya kazi hivyo miaka yote.

24. Ulanzi kidogo, pombe yetu ya mianzi, si utanilegeza nicheze vizuri?

Utalegeza ulimi. Pombe hupunguza kasi ya kujibu na huvuruga sehemu ya ubongo inayosimamia mizani, ile ile unayoitegemea. Tena humfanya mtu aamini anaongoza vizuri. Mkangafu, ulanzi uliokolea, usubiri mpaka muziki ufunguliwe na keki ikatwe.

25. Vidole vyangu vina ganzi. Naweza kujifunza?

Unaweza, kwa kuhamisha mahali pa kugusana. Ganzi inayotokana na kisukari kwa kawaida huanzia miguuni, kisha vidole vya mikono, kwa sababu neva ndefu huathirika kwanza. Mkono wa juu, bega na mgongo mara nyingi bado huhisi vizuri. Tunawafundisha watu wa namna hii wakiwa wameshikana mikono ya juu, kiwiko kwa kiwiko, na viatu visivyoteleza. Hakikisha ndani ya kiatu hakuna kokoto kabla ya kuanza, maana hutaihisi.

Kama hujawahi kupima sukari na ganzi hiyo ni mpya, nenda ukapime kabla ya kuja darasani.